Spini ya elektroni yafichua siri ya mirija ya kaboni

KWA muda mrefu wanafizikia waliamini kuwa elektroni inapouzunguka mrija wa kaboni, spini yake haiathiriwi na mwendo huo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2008, liliivunja imani hiyo.

Mrija huo ni utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, uliojikunja mithili ya mkeka. Kipenyo chake ni nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita.

Elektroni iliyomo ndani yake huwa kama iliyobeba sumaku mbili. Ya kwanza ni spini, sifa ya kila elektroni popote ilipo. Ya pili hutokana na elektroni kuuzunguka mrija, kulia au kushoto, kama umeme unavyopita katika waya uliosokotwa. Hii ya pili ndiyo yenye nguvu: wanasayansi wa Cornell walioipima mwaka wa 2004 waliikuta ikiizidi ya spini kwa mara kumi hivi au zaidi.

Pande mbili za mzunguko na pande mbili za spini hufanya hali nne. Pasipo sumaku ya nje, zote nne zilitarajiwa kuwa na nishati sawa.

Ferdinand Kuemmeth, Shahal Ilani na wenzao walinasa elektroni moja katika mrija safi, kwenye baridi inayokaribia sufuri halisi. Kisha walielekeza nguvu za sumaku sambamba na mrija na kupima nishati zilivyobadilika. Hata nguvu hizo zilipofika sufuri, hali nne hazikuungana, bali zilibaki jozi mbili. Pengo lilikuwa dogo, chini ya sehemu ya elfu ya elektronivolti, lakini halikuweza kupuuzwa.

Chanzo ni ule mviringo wenyewe. Katika utando uliotandazwa, kaboni huunganisha spini na mwendo kwa udhaifu mno. Ukikunjwa, muungano huongezeka. Mjapani Tsuneya Ando alikuwa ameyatabiri hayo kwa hesabu mwaka wa 2000.

Habari hiyo iliwagusa hasa watafiti wa kompyuta za kwantamu. Takriban viini 99 kati ya 100 vya kaboni havina usumaku, hivyo ilitumainiwa kuwa spini ingehifadhi taarifa humo bila kusumbuliwa. Muungano huo ulifungua mlango wa usumbufu. Hata hivyo, ulileta pia mpini wa kuishika spini: mwaka wa 2013 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliigeuza kwa mawimbi ya umeme katika mrija uliopinda. Taarifa ilidumu kwa muda usiofika sehemu ya milioni ya sekunde.