Tiba ya homoni ya ukuaji na afya ya akili kwa wanaume

Tiba ya homoni ya ukuaji ni matibabu ambayo mtu aliyepungukiwa na homoni hiyo hudungwa sindano za homoni iliyotengenezwa viwandani ili kufidia upungufu. Kwa watoto lengo kuu ni kuongeza kimo. Kwa watu wazima, ambao mifupa yao imekwisha kurefuka, lengo ni kurudisha nguvu za mwili, uimara wa mifupa na hali njema ya nafsi. Mwanamume ambaye upungufu wake umethibitishwa na vipimo anaweza kupata nafuu ya uchovu na unyong'onyevu kwa tiba hii. Hata hivyo, si dawa ya sonona wala ya uzee.

Kazi ya homoni

Homoni ya ukuaji, inayoitwa pia somatotropini, ni protini yenye asidi amino 191. Hutengenezwa na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Hutolewa kwa vipindi, hasa usiku wakati wa usingizi mzito. Ikifika kwenye ini huchochea kutengenezwa kwa homoni nyingine iitwayo IGF-1.

Kiasi chake hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini kazi yake haikomi: husaidia kujenga misuli, kuimarisha mifupa na kuyeyusha mafuta. Vipokezi vyake vipo pia ndani ya ubongo, ikiwemo sehemu inayohusika na kumbukumbu.

Upungufu na dalili zake

Kwa watu wazima upungufu husababishwa mara nyingi na uvimbe wa pituitari, upasuaji wa kuuondoa au tiba ya mionzi. Unaweza pia kufuata jeraha la kichwa, kwa mfano la ajali ya barabarani. Wengine huwa nao tangu utotoni.

Mgonjwa huongezeka mafuta tumboni, hupungua misuli na hukosa stamina. Kwa upande wa akili, dalili zinazotajwa zaidi ni:
* uchovu usioisha hata baada ya kupumzika;
* kukosa hamu ya kazi na shughuli za kawaida;
* kujitenga na watu;
* huzuni, wasiwasi au hasira za haraka;
* ugumu wa kukumbuka na kuzingatia jambo.

Kwa kuwa dalili hizo hazina alama ya nje, mwanamume anaweza kuonwa mvivu, au kutibiwa sonona peke yake kwa muda mrefu bila pituitari kuchunguzwa. Kosa la upande wa pili nalo hutokea: watu wengi wenye dalili hizo hawana upungufu wowote wa homoni ya ukuaji. Aidha, pituitari huongoza utengenezaji wa testosteroni, kotisoli na homoni za thiroidi, na upungufu wa hizo pia huleta uchovu na huzuni. Ndiyo maana zote hupimwa, na zilizopungua hurekebishwa kwanza.

Historia ya tiba

Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Marekani alitangaza mafanikio ya kutumia homoni iliyotolewa katika pituitari za maiti. Mwaka 1962 alieleza habari za mwanamke mtu mzima ambaye, baada ya kupewa homoni hiyo, alisema amepata nguvu na kujisikia vizuri zaidi.

Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya watu waliotibiwa kwa homoni ya maiti walipata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na kuua. Matumizi yake yalisimamishwa Marekani. Mwaka huohuo homoni iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni, isiyo na hatari hiyo, iliidhinishwa. Kwa watu wazima, Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 1996.

Matokeo ya utafiti

Mwaka 1989 majaribio mawili, moja la London na jingine la Denmark, yalionyesha kwamba watu wazima wenye upungufu huongezeka misuli na kupungua mafuta wakitibiwa. Mwaka 1990 watafiti wa London waliongeza kwamba nguvu na hali ya moyo ya wagonjwa pia ziliboreka kuliko kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa.

Majaribio yaliyofuata hayakutoa jibu moja. Kwa jumla, wanaonufaika zaidi ni wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi kabla ya kuanza.

Uchunguzi na matibabu

Kwa kuwa homoni hutolewa kwa vipindi, kupima damu mara moja hakutoshi. Hufanywa jaribio la kuichochea pituitari, kwa mfano kwa insulini, chini ya uangalizi wa daktari. Tiba huanza kwa dozi ndogo, na wanaume kwa kawaida huhitaji kidogo kuliko wanawake.

Mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya NICE, kwa ajili ya England na Wales, unazingatia pia ubora wa maisha. Mgonjwa hujibu maswali 25, na kadiri alama zinavyokuwa nyingi ndivyo hali ilivyo mbaya. Anayestahili awe na alama 11 au zaidi. Baada ya miezi 9 hupimwa tena, na kama alama hazijapungua kwa 7 au zaidi, tiba husimamishwa.

Madhara na matumizi mabaya

Madhara ya kawaida ni kuvimba miguu, maumivu ya viungo, ganzi ya mikono na kupanda kwa sukari katika damu. Mwenye saratani hai hapewi.

Mwaka 1990 Daniel Rudman alichapisha matokeo ya wanaume 12 wenye umri wa miaka 61 hadi 81 waliotibiwa kwa miezi 6: misuli iliongezeka na mafuta yalipungua. Wafanyabiashara wakaanza kuitangaza homoni hiyo kama dawa ya kurudisha ujana. Lakini mwaka 1996 utafiti wa wanaume 52 wenye afya, wa umri wa zaidi ya miaka 69, ulionyesha kwamba mabadiliko hayo ya mwili hayakuwaongezea uwezo wa kufanya shughuli zao. Katika michezo homoni hiyo imepigwa marufuku.