Waimbaji Huhama, Msondo Haihami

Kwa kizazi kilichokua Remera, kuuzunguka Uwanja wa Amahoro wa Kigali, Urban Boyz lilikuwa kundi la watu watatu: Safi Madiba, Nizzo Kaboss na Humble Jizzo. Mwaka 2016 walitwaa taji la shindano la muziki la Guma Guma, mara ya kwanza taji hilo kwenda kwa kundi. Mwaka uliofuata Safi akajitoa. Wawili waliobaki waliendelea na jina lilelile, lakini mashabiki walikuwa wamezoea nyuso tatu, na pengo la mmoja halikufichika.

Dar es Salaam kuna bendi ya Msondo, iliyoachwa na waimbaji wake wakubwa mara nyingi kuliko hivyo, na mwaka 2024 ilitimiza miaka 60.

Ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama kipya cha wafanyakazi Tanganyika. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, kijana wa Kisarawe. Chama ndicho kilichonunua magitaa, tarumbeta na ngoma, na chama ndicho kilicholipa mishahara. Jambo hilo linaonekana dogo, kumbe ndilo lililoibeba bendi. Mwanamuziki alipoondoka alitoka mikono mitupu. Vyombo vilibaki stoo, nafasi yake ilibaki wazi, na jioni ya pili palikuwa na mtu wa kuijaza.

Uimbaji wenyewe ulisaidia pia. Katika muziki wa dansi mwimbaji kiongozi haimbi peke yake kwa muda mrefu. Anatoa ubeti, kisha wenzake wawili au watatu wanaingia pamoja naye, tarumbeta zinajibu, na baadaye magitaa yanafungua chemko, sehemu ya kasi, watu wasimame kucheza. Kila aliyesimama kwenye kiitikio alikuwa ameshaujua wimbo mzima, maneno na pumzi zake. Bendi ilikuwa ikimwandaa mrithi usiku kwa usiku, bila kumtangaza.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1978. Chama kilikuwa kimegeuka JUWATA, na bendi nayo ikabadili jina. Gurumo akahamia Mlimani Park, bendi mpya iliyokuja kujulikana kama Sikinde. Hassan Rehani Bitchuka, mwimbaji mwenzake mwenye sauti nyembamba inayopanda juu bila kukwaruza, naye akaenda huko. Kumpoteza mmoja kati ya hao kungetosha kuiua bendi yoyote ya mtu binafsi. JUWATA iliwapoteza wote wawili, ikajikuta inashindana nao jukwaani, na Dar es Salaam ikagawanyika: wewe wa Msondo au wa Sikinde?

Sikinde nayo ilionja dawa hiyohiyo. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima aliunda International Orchestra Safari Sound akiwachukua Gurumo, Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar kwa malipo mazuri zaidi. Sikinde ikatafuta sauti nyingine, ikasonga.

Huku JUWATA aliyeinua bendi alikuwa TX Moshi William, mtunzi wa "Ajali" na "Piga Ua". Nyimbo zake zilikwenda kama kesi ya ndoa inayosikilizwa barazani, kila upande ukipewa nafasi ya kusema. Yupo aliyemsikia Moshi akafikiri Msondo ilianza naye, na huwezi kumlaumu. Pembeni yake alikuwapo Saidi Mabera, aliyeingia na gitaa la solo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kubaki huku waimbaji wakija na kuondoka. Gitaa lake ndilo lililomwambia msikilizaji wa redio, kabla sauti haijaingia, kwamba hii ni bendi ileile.

Jina likabadilika tena, ikawa OTTU Jazz, halafu Msondo Ngoma. Gurumo alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shaaban Dede, mtu wa Kagera, jirani kabisa na Rwanda, alikuwa amepita karibu kila bendi kubwa ya nchi, naye akatulia hapo. Moshi alifariki mwaka 2006.

Hapa ndipo sifa za taasisi zinapouma. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, alieleza wazi kwamba muziki haukumpatia hata baiskeli. Mfumo uliohakikisha bendi haifi na mtu haukuhakikisha kwamba mtu naye anaondoka na chochote. Diamond Platnumz, aliyekuwa bado hajazaliwa wakati Gurumo akihama bendi mara mbili, alimzawadia gari dogo.

Mzee alilitumia kwa miezi michache tu. Alifariki Aprili 2014. Dede aliendelea kuzishika nyimbo za Msondo hadi alipofariki Julai 2017, na baada yake waliokuwa kwenye kiitikio wakasogea mbele, kwenye maikrofoni.