Kanzu, Tobo, Lala Salama: Maneno ya Mpira Yalivyotoka Mchangani Mpaka Mdomoni Mwako

Pale Hasamba, wilayani Mbozi, dogo akipigwa tobo hakuna haja ya refa kueleza kilichotokea. Uwanja mzima unapiga kelele moja tu: "Tobooo!" Na aliyepigwa anajua kabisa stori hiyo itamfuata mpaka nyumbani.

Sasa tuliza akili. Neno hilo dogo lina ukoo mrefu.

Mpira uliingia na wakoloni, ukaja na maneno yake. Kona, penati, golikipa, beki, refa: vyote ni Kiingereza kilichovishwa nguo za Kiswahili. Hapo watu walikopa tu. Utamu ulianza pale walipoacha kukopa, wakaangalia maisha yao wenyewe.

Chukua kanzu. Ukiupitisha mpira juu ya kichwa cha beki na kuuwahi nyuma yake, umemvisha kanzu, kwa sababu kanzu nayo huvaliwa kwa kupitia kichwani. Ukiupitisha katikati ya miguu yake, hilo ni tobo, yaani tundu. Mshambuliaji aliyejibanza nyuma ya mabeki akisubiri pasi ameotea, na kuotea ni neno la mwindaji anayemvizia mnyama. Gozi je? Ni ngozi iliyokuzwa. Mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi kweli, ukilowa mvua unakuwa mzito balaa.

Waliyoyaanzisha maneno haya hawakusaini popote. Ni vijana wa mchangani, mashabiki wa vijiweni na watangazaji.

Hao watangazaji ndio waliyoyasambaza. Ligi ya taifa ilianza 1965, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Yaani kwa karibu miaka thelathini, mkulima wa kahawa Mbozi aliitazama Simba na Yanga kwa masikio! Betri zikichoka zinaanikwa juani, angalau zifikishe dakika tisini. Mtangazaji akalazimika kuchora picha kwa mdomo. Bao halikuingia tu, lilitikisa nyavu. Dakika za mwisho zikaitwa za lala salama, kama vile mechi inaagwa ikalale.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars ikabeba ubingwa wa ligi. Wakati huo Songwe ya leo ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya. Maneno yaliyozoea kuwasifu vigogo wa Kariakoo safari hii yakawasifu vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Hiyo si kitu kidogo kwa mtu aliyekuwa anasikiliza akiwa shambani.

Kisha maneno yakatoka uwanjani, yakahamia mtaani. Mdaiwa anakupiga chenga. Ofisi inakupiga danadana, njoo kesho, njoo keshokutwa, unarushwa juu na chini bila kufika popote. Mpenzi naye akichoka anakuonyesha kadi nyekundu. Hata asiyejua kanuni moja ya soka anaongea soka kila siku.

Leo skrini inaonyesha kila kitu, marudio juu, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuchora. Ndiyo maana asisti, hatitriki na klinishiti zinapiga hodi kwa kasi. Hakuna ubaya, lugha imekopa tangu enzi za kona. Ila kuna tofauti. Klinishiti lazima ueleweshwe. Kanzu, hata bibi ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, ukimwambia mara moja tu anacheka, kwa sababu anaijua kanzu. Neno kama hilo likifa, kinaondoka pia kicheko cha bibi, na namna ya watu wa hapa kuutazama mpira kwa macho yao.

Dawa ni rahisi: dogo akipigwa tobo, piga kelele kama kawaida.

Haya wadau, kwenu mtaani neno gani la zamani la mpira bado linapumua?