Ufuko wa Chicago: Ardhi Iliyolindwa Mahakamani

Tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi mpya ya dunia. Miaka minne kabla yake, katika mbio hizohizo, Brigid Kosgei alikuwa amekimbia kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4 na kuifuta rekodi ya wanawake aliyoiweka Paula Radcliffe mwaka 2003. Wakenya hao wawili walikata utepe ndani ya Grant Park, bustani ya umma iliyo kati ya maghorofa ya jiji na Ziwa Michigan. Watu wengi huku kwetu walizishuhudia mbio zile kwenye runinga, wakaona miti, nyasi na barabara pana. Wasichoweza kukiona ni kwamba barabara ile ya kumalizia, Columbus Drive, imepita mahali palipokuwa ziwa. Mwaka 1836 mawimbi yalikuwa yakipiga karibu kabisa na ilipo Michigan Avenue leo.

Mwaka huohuo wa 1836, Chicago ikiwa bado haijapewa hata hadhi ya jiji, makamishna wa mfereji wa Illinois na Michigan walikuwa wakipima viwanja ili viuzwe, fedha zigharimie uchimbaji wa mfereji. Ukanda mmoja wa ufukoni hawakuuza. Kwenye ramani waliandika kwamba ardhi ile ni ya umma, na kwamba ibaki wazi daima, pasiwe na jengo wala kizuizi chochote. Wino ule mchache ndio uliokuja kuamua kesi nyingi zilizofuata, na kwa maoni yangu hakuna hati nyingine katika historia ya jiji hilo iliyowafaa wananchi wa kawaida kuliko ramani ile.

Miaka ya mwanzo hakuna aliyeijali. Dhoruba zilikuwa zikimega ufuko na jiji halikuwa na fedha za kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Mwaka 1852 kampuni ya reli ya Illinois Central ikakubali kuujenga, na kwa malipo ikaruhusiwa kupitisha treni zake juu ya nguzo zilizosimikwa ziwani. Kati ya reli na nchi kavu likabaki bwawa la maji yaliyotuama. Ulipotokea moto mkubwa wa Oktoba 1871, ulioua watu wapatao 300 na kuwaacha wengine 100,000 hivi bila makazi, vifusi vya jiji lililoteketea vilimwagwa mlemle. Matofali yaliyoungua na mabaki ya nyumba za watu yakawa msingi wa bustani.

Kampuni ya reli ilitaka zaidi. Mwaka 1869 bunge la jimbo liliipa zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya maji, karibu bandari yote. Bunge likajutia uamuzi huo na kuufuta mwaka 1873, lakini kampuni ikashikilia kuwa kilichokwishatolewa hakirudishwi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1892 majaji wakasema sakafu ya ziwa ni amana: jimbo limeishika kwa niaba ya wananchi, hivyo halina uwezo wa kuigawa kama mali ya kuuzwa dukani. Hukumu hiyo imenukuliwa na wanasheria wa mazingira katika nchi nyingi tangu wakati huo.

Mtu aliyeigeuza ramani ya 1836 kuwa ngao alikuwa mfanyabiashara. Aaron Montgomery Ward alitajirika kwa kuuza bidhaa kwa njia ya posta: wakulima wa vijijini waliagiza kutoka kwenye katalogi, mizigo ikawafikia kwa treni. Ofisi zake zilikuwa Michigan Avenue, zikitazama ufuko, na alichokiona kutoka dirishani mwaka 1890 kilikuwa marundo ya takataka, mabanda na mabehewa. Akafungua kesi ili majengo yale yabomolewe. Kwa miaka ishirini mfululizo kila mradi uliopangwa kujengwa pale ulikutana naye mahakamani. Mara nne mgogoro ulifika Mahakama ya Juu ya Illinois, na mara nne akashinda.

Ugomvi mkali kuliko yote ulihusu makumbusho. Tajiri Marshall Field alipofariki mwaka 1906 aliacha dola milioni 8 kwa ajili ya jumba la makumbusho, na viongozi wa jiji wakataka lisimame katikati ya Grant Park. Nani angepinga makumbusho? Ward alipinga, na magazeti na matajiri wenzake wakamshambulia kwa kukwamisha maendeleo. Alijibu kwamba anawapigania maskini wa Chicago, wala si mamilionea. Kesi ikaisha mwaka 1911. Makumbusho yakahamishiwa kusini, kwenye ardhi mpya iliyojazwa ziwani, yakafunguliwa mwaka 1921. Ward hakuyaona, kwani alifariki mwaka 1913.

Hata hivyo, Ward alisikilizwa kwa sababu alikuwa na kiwanja kinachopakana na bustani. Fundi au mfua nguo aliyeishi mbali na ziwa asingekuwa na pa kushika. Mwaka 1909 wasanifu Daniel Burnham na Edward Bennett walitoa mpango wao maarufu wa jiji, wakitangaza kwamba ufuko wote ni haki ya watu. Miaka kumi baadaye ikaonekana watu hao hawakuwa wote.

Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali, kijana Mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa akielea ziwani na wenzake juu ya chelezo la mbao. Maji yakawasukuma hadi mkabala wa mtaa wa 29, ufuko ambao Wazungu waliuhesabu kuwa wao. Hapakuwa na sheria wala kibao. Mpaka ulikuwa ndani ya vichwa vya watu, na bado ukafuatwa hadi majini. Mzungu mmoja aliwarushia mawe kutoka ufukoni, Eugene akazama, akafa. Polisi aliyekuwepo alikataa kumkamata mtuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliendelea kwa wiki nzima: waliouawa ni 38, Weusi 23 na Weupe 15, na zaidi ya 500 walijeruhiwa. Makala yoyote inayousifu ufuko ule bila kumtaja kijana huyu ina pengo.

Leo njia ya watembea kwa miguu na baiskeli inafuata ziwa kwa karibu kilomita 30. Kiangazi, mwishoni mwa wiki, moshi wa nyama choma unatanda kwenye ufuko wa Montrose na mipira inapigwa kila upande. Karibu na ufuko wa North Avenue wazee na vijana wanacheza sataranji chini ya paa la zege lililojengwa kwa ajili hiyo. Huko Lincoln Park, ambako sehemu yake ilikuwa makaburi ya jiji hadi madaktari walipohofia magonjwa, bustani ya wanyama haina kiingilio. Mwaka 2019 ndege wawili wadogo wa jamii iliyo hatarini kutoweka walitaga mchangani Montrose, na tamasha la muziki lililopangwa pale likafutwa kwa ajili yao.

Ramani ya 1836 na hukumu ya 1892 bado zinauma. Millennium Park ilipofunguliwa mwaka 2004 juu ya njia za reli, jukwaa la muziki la msanifu Frank Gehry lilihesabiwa kisheria kuwa kazi ya sanaa, kwa sababu kama jengo lingevuka urefu unaoruhusiwa. Mwaka 2016 George Lucas, mtengenezaji filamu, aliondoa Chicago mpango wa makumbusho yake baada ya watetezi wa bustani kulifikisha jiji mahakamani.

Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo huko Siaya, si mbali na Ziwa Victoria, aliwahutubia wafuasi wake Grant Park usiku wa ushindi wake, tarehe 4 Novemba 2008. Kituo chake cha urais kimejengwa Jackson Park, kusini zaidi kwenye ufuko huohuo, juu ya ekari 19 ambazo jiji limekipa kwa miaka 99 kwa dola 10. Watetezi wa bustani walishtaki na kushindwa. Eneo la Lucas lilikuwa limejazwa ziwani, ilhali hili la Obama ni nchi kavu ya asili, na tofauti hiyo ilikuwa na uzito mbele ya jaji. Naheshimu hoja ya walioshindwa, maana ekari ni ekari hata anayepewa akipendwa. Lakini wakazi wa Woodlawn, mtaa wa Weusi ulio jirani, walikuwa na wasiwasi mwingine: kodi za nyumba zikipanda, nani atabaki wa kwenda bustanini kwa miguu? Waliandamana na kushinikiza hadi mwaka 2020 baraza la jiji likapitisha sheria ndogo ya kulinda makazi yao.