Swali la "wapi?" kwenye fishi ya mgonjwa

Ndugu wafinalisti, najua wengi wenu sasa muko munatafuta kichwa cha TFC. Kabla mtu hajawaambia kwamba afya ya wanawake ni mambo ya fakilte ya udaktari peke yake, someni kwanza historia hii. Inapita karibu na kwetu.

Pale Niania barabara inagawanyika: magharibi ni Kisangani, mashariki Bunia, kaskazini Wamba na Isiro. Upande huo wa kaskazini ndiko iko Nebobongo. Munganga Helen Roseveare, Mwingereza, alifika eneo lile mwaka 1953. Nebobongo ilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma. Yeye akajenga hospitali pamoja na shule ya wauguzi, sababu munganga mmoja hawezi kutosha kwa pori lote lile. Kuweka shule ndani ya hospitali, jambo ambalo leo tunaliona la kawaida, kule kulitokana na kukosa watu. Mwaka 1964, Simba walipochukua eneo, yeye mwenyewe alibakwa. Baadaye alilisema waziwazi, hata katika vitabu vyake. Mwaka 1966 alirudi Kongo, safari hii Nyankunde, karibu na Bunia, akafundisha huko mpaka 1973.

Mimi jambo hili linanisumbua. Kitabu cha materniti kinauliza hii ni mimba ya ngapi, mtoto ana kilo ngapi. Hakiulizi nani alikuumiza, wala wapi.

Hospitali iliyolazimika kuuliza ni Panzi, kule Bukavu. Munganga Denis Mukwege alikuwa amesomea magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, kisha akarudi kufanya kazi Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kitandani. Alipofungua Panzi mwaka 1999, mawazo yake yalikuwa kwa wamama wanaokufa wakati wa kuzaa. Kumbe mgonjwa wake wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa, tena amepigwa risasi.

Mukwege alipasua, akashona, na wagonjwa wakaendelea kuja. Wengine walipona, wakarudi kijijini, halafu akawaona tena wakiwa wameumizwa upya. Kisu peke yake hakikufika mwisho wa tatizo. Panzi ikaongeza watu wa saikolojia, halafu maavoka, halafu watu wa kumsaidia mama apate kazi ya kuishi nayo. Sheria nayo ilikuwa imebadilika: mwaka 2006 Kongo ilipitisha sheria mpya juu ya ubakaji. Lakini avoka bila karatasi ya munganga atapeleka nini mbele ya jaji? Kwa hiyo fishi moja ikaanza kusomwa na watu wa kazi tofauti. Kwangu mimi utafiti wa fakilte nyingi ulizaliwa hapo, wala sio katika kikao cha marekta.

Tena ulizaa matunda. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative, kwa msaada wa Oxfam, walitoa kazi iliyochambua fishi za wanawake 4,311 waliotunzwa Panzi kuanzia 2004 mpaka 2008. Watu wengi walikuwa wanasema, na bado wanasema, ati mama alibakwa sababu alienda shambani au porini peke yake. Fishi zikajibu: zaidi ya nusu, asilimia 56, walishambuliwa na watu wenye silaha ndani ya nyumba zao. Ukisikia tena mtu anauliza "alikuwa anafanya nini kule?", mwambie alikuwa kwake.

Kuna kingine. Mwaka 2004 raia walihesabika chini ya asilimia 1 ya waliobaka. Mwaka 2008 walifika 38. Jambo la wenye bunduki lilikuwa limeingia mitaani kwetu. Munganga peke yake hawezi kueleza sababu. Hapo anahitajika mtu wa sosiolojia, na mtu wa historia pia. (Sisi wa historia tunachekwaga kwamba hatuna kazi. Kazi ni hiyo.) Mukwege mwenyewe alirudi kwenye masomo, akatetea tezi juu ya fistula kwenye Université Libre de Bruxelles mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya Nobel.

Lakini tusome hesabu kama wasomi. Hao 4,311 ni wale tu waliofika Panzi. Mama wa Niania hamo. Mwezi wa Juni 2012 kundi la Morgan lilishambulia Epulu, watu sita wakauawa, na okapi 14 wa kituo wakapotea. Okapi dunia iliwalilia upesi. Wanawake wa barabara ileile walihesabiwa polepole.

Bunia ina shule za udaktari, za sheria na za maendeleo, na kutoka fakilte moja mpaka nyingine ni mwendo wa motari moja. Muuguzi, avoka na mtu wa jiografia wakiandika fishi pamoja, wangeongeza swali jingine pale Niania: umetumia saa ngapi kufika? Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kubakwa inatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kutoka Niania mpaka Bunia ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua kuna lori ambalo saa 72 zinaisha bado limekwama kwenye matope kabla ya Mambasa.