Mikono Wanaitaka, Mgeni Hawamtaki

Hebu fikiria dada Mfilipino analea watoto wa wenyewe huko Dubai. Amepata likizo, ana akiba yake, anataka tu kuona Paris wiki moja. Anaambiwa alete barua ya mwajiri, kibali cha ukaazi, karatasi za benki. Yaani aonyeshe kwamba hatatoroka.

Hii shaka si ya jana, wasee. Marekani ilichukua Ufilipino kutoka kwa Uhispania 1898, na Wafilipino wakawa wanaingia huko bila kuzuiwa, wakivunja mgongo kwa mashamba ya Hawaii na California. Kisha 1934 ikaja sheria ya Tydings-McDuffie: kuanzia leo nyinyi ni wageni, tutapokea wahamiaji 50 kwa mwaka. Hamsini! Na nchi yao bado ilikuwa chini ya Marekani. 1952 sheria nyingine ikasema anayeomba viza ya matembezi ahesabiwe mhamiaji mpaka athibitishe si hivyo. Inatumika mpaka leo.

Manila nayo? 1974 Rais Marcos alifanya kupeleka wafanyakazi nje kuwa mpango wa serikali. 1988 Rais Aquino akawaita mashujaa wapya. Shujaa, lakini kwa dirisha la viza ni mshukiwa.

Sisi pia tuna dada zetu Ghuba, na serikali inasifu pesa wanazotuma. Sawa. Lakini tuiulize: hiyo pasipoti inafungua mlango gani mwingine, kando na ule wa jikoni?