Radiamu ya Shinkolobwe na Hesabu ya Sumu

Kilomita 20 hivi kutoka Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Dunia inaukumbuka kwa urani ya bomu la Hiroshima. Kazi yake ya awali imesahaulika: tangu miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilisafirisha mawe yake hadi Olen, Ubelgiji, yakatolewa radiamu. Bei ya madini hayo ikashuka ulimwenguni, na madaktari wa saratani wakapata sindano nyingi zaidi za kuchomeka ndani ya uvimbe.

Matumaini yalikuwa ya haki. Wagonjwa walipona.

Lakini radiamu ikiingia mwilini hujifanya kalsiamu: huelekea mfupani, ikakaa. Radiamu-226, ile ya Shinkolobwe, huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Aliyeimeza huzikwa nayo. Eben Byers, tajiri wa Marekani, alishauriwa na daktari anywe Radithor, maji yenye radiamu. Alikunywa chupa kwa mamia, na mwaka 1932 akafa, mifupa ya taya ikiwa imeoza.

Tabia hiyohiyo ya kuufuata mfupa ndiyo inayotegemewa leo. Radiamu-223 iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani. Hupungua nusu kwa siku 11 na ushei, na mionzi yake ya alfa haipenyi hata sehemu ya kumi ya milimita. Katika jaribio la ALSYMPCA, nusu ya waliotibiwa waliishi miezi 14.9 au zaidi; kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa miezi 11.3. Miezi mitatu na ushei ni mingi kwa baba anayesubiri kumwona mjukuu.

Kisha watafiti wakaichanganya radiamu hiyo na abiraterone, dawa nyingine ya saratani hiyo, katika jaribio la ERA 223. Asilimia 29 ya wagonjwa walivunjika mifupa, dhidi ya 11 ya wenzao waliopewa abiraterone bila radiamu. Mwaka 2018 Ulaya ikapiga marufuku mchanganyiko huo. Katika jaribio la PEACE-3, radiamu ilitolewa pamoja na enzalutamide, dawa nyingine ya saratani hiyo. Dawa za kulinda mifupa zilipofanywa lazima, mivunjiko ikapungua sana. Kwa hiyo swali la kama dawa fulani ni salama halitoshi. Ni salama kwa kipimo gani, kwa muda gani, ikiandamana na nini, na nani anaangalia mfupa wakati wote wanaangalia uvimbe?

Hesabu hiyo bado ina pengo. Jedwali la madhara huanza siku mgonjwa anapodungwa. Kwa radiamu ya zamani ilipasa lianze shimoni, kwa wafanyakazi wa Katanga waliochambua mawe yale kwa mikono. Afya yao ni sehemu ya gharama ya tiba ile. Na shimo liliendelea kudai maisha: Januari 2004 rais wa Kongo aliamuru mgodi ufungwe. Lakini Julai mwaka huohuo sehemu ya shimo ilibomoka, ikaua wachimbaji wadogo wanane.